Shangazi, rafiki yangu aliondoka katikati ya mchezo nyumbani kwangu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 36. Mimi na mume wangu tulichora kiwanja cha pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi unaochezwa kwa vibao na mpira wa plastiki, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu, tukanunua wavu wa kukunja pamoja na vibao, na miezi miwili iliyopita tukawaalika marafiki waje wacheze. Mmoja wao ni mchezaji hodari ambaye hushiriki mashindano. Siku hiyo alimsahihisha kila aliyekosea, na mara mbili mpira wake ulimpiga kifuani rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye hakuwa amewahi kushika kibao. Watu walicheka, nami nikacheka. Muda mfupi baadaye rafiki yangu aliaga, na tangu siku hiyo hunijibu kwa maneno mawili matatu tu. Sasa tunataka kualika watu tena. Tutakuwa 12, na nusu yao hawaujui mchezo. Jirani naye amekwisha kulalamikia kelele. Je, nisimwalike yule hodari? Nifanye nini ili kila mtu afurahi?

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu mchezaji hodari, lakini sentensi iliyonisimamisha katika barua yako ni ile fupi ya katikati: watu walicheka, nawe ukacheka. Mpira wa pikoboli ni wa plastiki, una matundu, na uzito wake haufiki gramu 27, kwa hiyo sidhani kama maumivu ya kifua ndiyo yaliyomfanya rafiki yako aage mapema. Nadhani alipopigwa mara ya pili aligeuka kumtazama mtu mmoja aliyemfahamu kuliko wote waliokuwa pale uani, akakuta naye anacheka. Mtu anayejifunza jambo mbele ya watu wazima wenzake huwa amejivika ujasiri mwembamba sana, na mwenyeji ndiye mwenye wajibu wa kuulinda. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; siku ile mgeni alikuja na akaondoka na kidonda.

Kwa sababu hiyo, kabla hujapanga tarehe wala kuhesabu vibao, nenda ukamwone, au walau umpigie simu ili asikie sauti yako. Usimwandikie katika kundi la ujumbe la marafiki, na usitumie maneno ya jumla kama vile "kama nilikukosea". Taja jambo lenyewe: kwamba alipigwa kwa mpira nyumbani kwako, kwamba ulicheka badala ya kusimamisha mchezo, na kwamba unajutia. Ukimaliza, nyamaza umsikilize, hata kama atakuambia mambo usiyopenda kuyasikia. La muhimu zaidi ni kwamba usimwalike katika mazungumzo hayohayo. Ukiomba radhi na kutoa mwaliko kwa pumzi moja, ataona kwamba ulimtafuta ili karamu yako ikamilike, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Mpe siku kadhaa, kisha ndipo umwalike.

Sasa nije kwa huyo hodari. Mwalike. Kumwacha nje kutalifanya kosa lionekane kuwa lake peke yake, na sina hakika kwamba hata alijua alichokuwa akifanya. Wachezaji wa mashindano huzoea kuupeleka mpira mwilini mwa mpinzani kwa kuwa ni vigumu kuurudisha ukiwa karibu na kifua, na katika mchezo wa wawili kwa wawili huzoea pia kumlenga aliye dhaifu zaidi. Huko kwenye mashindano hizo ni mbinu halali. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba uani kwako mchezo ni wa aina nyingine, na mtu huyo ni wewe mwenye nyumba. Zungumza naye faraghani siku moja au mbili kabla ya karamu, umweleze mambo mawili tu: asimpige mtu mpira wa nguvu akiwa karibu na wavu, na asimsahihishe yeyote ambaye hajaomba kusahihishwa. Kisha mwahidi kwamba saa ya mwisho ya siku itakuwa ya wazoefu, wacheze kwa nguvu zao zote huku wengine wakitazama. Ahadi hiyo ina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu anayejua kwamba zamu yake ya kukimbia inakuja huvumilia kutembea.

Usimfanye mwalimu wa karamu. Najua wazo hilo linavutia, lakini litampa ruhusa ya kufanya lilelile lililowachosha wenzake. Vilevile usimwambie acheze kwa mkono wa kushoto ili awapunguzie wenzake ugumu, kwa maana wageni wanaojifunza wataona kwamba wanafanyiwa mzaha.

Akikulalamikia kwamba unauharibu mchezo, mkumbushe chimbuko lake. Pikoboli ilizaliwa uani mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, pale Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walipotafuta kitu cha kuzishughulisha familia zao zilizokuwa zimechoka kukaa bure. Palikuwa na kiwanja cha zamani cha badminton lakini vifaa vyake havikutimia, basi wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaushusha wavu, wakaanza. Rafiki yao Barney McCallum akaungana nao katika kuzitengeneza kanuni. Ukizitazama kanuni hizo kwa makini utaona kwamba nyingi zinamzuia mwenye nguvu asimmeze asiye na nguvu. Mpira huanzishwa kwa mkono unaopanda kutoka chini, ukipigwa chini ya kiuno, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuanzisha kwa kishindo kutoka juu ya kichwa. Baada ya kuanzishwa, sharti udunde mara moja kila upande kabla ya yeyote kuruhusiwa kuupiga ukiwa hewani. Tena kuna lile eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu, ambalo wachezaji huliita jikoni, na aliyesimama humo hawezi kuupiga mpira ambao haujadunda. Simamia kanuni hizi tatu tangu dakika ya kwanza, na uwaeleze wageni wapya sababu zake, kwa kuwa zimewekwa kwa faida yao.

Ugumu mkubwa zaidi wa karamu yako, kwa maoni yangu, ni kungoja. Kiwanja kimoja huchukua watu wanne, nanyi mtakuwa 12, maana yake ni kwamba wakati wowote watu wanane watakuwa wamekaa. Kwa kanuni ya kawaida pointi hupatikana kwa upande ulioanzisha mpira peke yake, na mshindi ni anayefikisha pointi 11 akiwa mbele kwa pointi 2. Mchezo wa namna hiyo, ukiwa na watu wanaokaribiana uwezo, unaweza kufika dakika 20 au kuzidi, na hapo kila kundi litangoja dakika 40 ili lirudi uwanjani. Mgeni aliyecheza vibaya, kisha akakaa dakika 40 akifikiria alivyocheza vibaya, hataki tena kusimama. Acheni hesabu hiyo kwa siku moja. Weka saa ya kengele, kila duru iwe ya dakika 8, na kila mpira uzae pointi bila kujali aliyeuanzisha. Makundi yakiwa matatu, kila mtu atapumzika dakika 16, muda wa kutosha kunywa maji na kuzungumza, lakini usiotosha kwa mtu kujiona amesahauliwa.

Jozi zipangwe kwa kura. Andika majina kwenye vikaratasi, wazoefu kwenye bakuli moja na wanaojifunza kwenye jingine, na kila jozi iundwe kwa kuchota jina moja kutoka kila bakuli, kisha rudia kura kila makundi yote matatu yanapomaliza zamu. Hakuna atakayechaguliwa wa mwisho, na hakuna atakayelaumiwa kwa kumkwepa mtu. Hata hivyo, kupangwa na hodari kuna karaha yake: mchezaji mzoefu hujikuta akinyakua kila mpira, na mwenzake husimama pembeni dakika zote 8 bila kuugusa, jambo ambalo linamdhalilisha mtu kuliko kushindwa. Basi tangaza mapema kwamba kila mmoja ana nusu yake ya kiwanja na kwamba mpira wa mwenzako si wako hata kama unajua ataukosa. Ubao wa matokeo usiwepo, wala zawadi ya mshindi.

Hujanieleza ua wako una ukubwa gani. Kiwanja kamili kina upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41, na hushauriwa pawepo eneo la angalau mita 9.14 kwa 18.29 ili watu waweze kukimbia nje ya mistari bila kugonga kitu. Kama nafasi haitoshi, punguza kiwanja badala ya kupunguza pembezoni, kwa sababu mstari wa nyuma ulio karibu na ukuta ni hatari ya kweli, na hakuna atakayekuja kukupimia. Wavu uwe na kimo cha sentimita 91 pembeni na sentimita 86 katikati. Kama uwanja wako ni wa nyasi, mpira hautadunda ipasavyo na wanaojifunza watakata tamaa wakidhani kosa ni lao; tafuta sehemu ngumu na kavu, hata iwe ndogo.

Kuhusu usalama nakuomba usimame mbele ya wageni kabla ya mpira wa kwanza useme, bila kuona haya, kwamba hakuna kukimbia kinyumenyume. Watu wazima wengi wanaoumia katika mchezo huu huumia kwa kuanguka, na mara nyingi huanguka wakirudi nyuma kuufuata mpira ulioruka juu yao, wakatanguliza mkono na kuvunja kifundo cha mkono huo. Wafundishe kugeuza mwili kwanza na kukimbia kwa upande, au kuuacha mpira uende zake. Wakumbushe katika mwaliko kwamba waje na viatu vya michezo vinavyoshika sakafu na kuushikilia mguu unaposogea kando, kwa maana ndala na viatu vya wazi havifai kabisa. Mpira ule ni mwepesi kwa kifua, lakini jicho ni jambo jingine, kwa hiyo ukiweza kupata miwani michache ya kinga ya plastiki ngumu, iweke mezani pamoja na vibao, wewe uwe wa kwanza kuivaa ili anayeihitaji asione aibu. Viti viwe kivulini pembeni ya kiwanja, kamwe visiwe nyuma ya mstari wa mwisho, na bilauri za kioo zisikaribie mahali pa kuchezea. Mpira wa pili ukibingirika kiwanjani, yeyote aliyeuona apaze sauti na mchezo usimame papo hapo.

Jirani yako analalamika kwa haki. Mlio wa kibao kigumu kikigonga plastiki ni mkali, wa kukatikakatika, nao hujirudia mamia ya mara katika alasiri moja, hivyo asiyecheza hawezi kuuzoea kwa urahisi kama mazungumzo au muziki wa mbali. Mwendee kabla ya siku yenyewe, umwambie saa mtakayoanza na saa mtakayomaliza, kisha mmalize saa hiyohiyo hata kama mchezo umenoga. Ipo mipira ya sifongo inayopunguza sana mlio. Haidundi sawasawa na ile ya kawaida, lakini kwa wanaojifunza ni afadhali kwa sababu huenda polepole na haimtishi mtu. Ningekushauri saa ya kwanza yote ichezwe kwa mipira hiyo. Mwalike jirani pia, ikiwa tu utafurahi akija.

Nawe mwenyewe usicheze kila duru. Najua ni kiwanja chako na mmekitolea jasho, lakini duru za mwanzo mahali pako ni pale palipo na viti, karibu na wale wanaosema wamekuja kutazama tu. Baadhi yao wanasema kweli, na wapo wanaosema hivyo kwa hofu, wakingoja mtu awaambie kwa sauti ya chini, "Twende tukapige mipira michache sisi wawili, hakuna anayehesabu." Jambo hilo halifanyiki ukiwa upande wa pili wa wavu unatokwa na jasho. Na likitokea tena la kuchekesha kwa gharama ya mtu mmoja, simamisha mchezo, mwulize kama ameumia, na ungoje jibu lake kabla mpira haujaanzishwa tena.

Limebaki suala la rafiki yako wa utotoni. Utakapomwalika, mweleze wazi kwamba yule hodari atakuwapo na kwamba umekwisha kuzungumza naye, ili asije akakutana naye ghafla mlangoni. Mwambie pia kwamba anaweza kuja bila kucheza. Akikataa, usimbembeleze na usiwatume marafiki wengine wamshawishi. Mwalike siku nyingine, mkae ninyi wawili, na wavu uwe umekunjwa.