Swali la Lugha: "Kamba", "herufi" na strlen

Swali: Mimi hufundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chuo kimoja hapa Mombasa. Katika maelezo ya wanafunzi kuhusu strlen, amri ya C ya kupima urefu wa maandishi, niliandika hivi: "strlen inarudisha urefu wa kamba kwa herufi." Mwenzangu anashikilia kwamba sentensi hii ina kasoro. Je, kasoro hiyo iko wapi?

Jibu: Sarufi yake ni sawa, kilichopotoka ni maana. Neno "kamba", tafsiri ya "string" ya Kiingereza, halitatuchelewesha: kwa mkaazi wa Mombasa, kamba ni ya kufungia chombo au ni yule wa baharini anayeliwa, na hakuna hata mmoja anayemwonyesha mwanafunzi kwamba maandishi katika C ni alama zilizopangwa moja baada ya nyingine kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Andika "mfuatano". "Inarudisha" nayo naona ingefaa iwe "hutoa", kwani strlen haikuazima kitu cha mtu.

"Herufi" ndiyo yenye matata. Strlen haijui herufi. Huhesabu baiti, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu ambavyo kila kimoja hubeba namba moja, mpaka ikutane na baiti yenye thamani ya sifuri, ambayo ndiyo inayofunga mfuatano na ambayo yenyewe haihesabiwi (isichanganywe na tarakimu 0, ambayo katika ASCII, mpango wa kuipa kila alama namba yake, ni 48). Kwa "Mombasa" hitilafu haionekani, kwa sababu herufi ni 7 na baiti ni 7. Lakini chukua "ng'ombe", neno lenye herufi 6 na ritifaa. Strlen itatoa 7 ikiwa ritifaa ni ile iliyonyooka ya kibodi, na itatoa 9 ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe bila ya kuulizwa, kwa kuwa katika UTF-8, mpango unaotumika sana wa kuhifadhi maandishi kwa baiti, hiyo huchukua baiti 3. Na lau mwanafunzi angeandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Mombasa zama za Muyaka, kila herufi ingechukua baiti 2.

Kwa hivyo sentensi yako iwe: "strlen hutoa idadi ya baiti za mfuatano, bila ya sifuri ya mwisho." Kipande hicho cha mwisho usikiache, maana mwanafunzi atakayetenga nafasi ya baiti 7 kwa ajili ya "Mombasa", kisha akanakili kwa strcpy, amri ya C ya kunakili mfuatano, ataiandika baiti ya 8 nje ya nafasi aliyoitenga, na strcpy haitamzuia.