Kabla ya kununua simu, ulizia bei ya kioo chake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: anayetaka simu ya kudumu nayo anunue mpya ya bei nafuu, au ya mtumba ya kampuni kubwa? Majibu mliyochapisha yamegongana. Dada mmoja kaandika kwamba kununua simu ya mtumba ni kununua matatizo ya mwenzio. Kaka mwingine kamjibu kwa methali, kipya kinyemi ingawa kidonda, akimaanisha kwamba wanaokimbilia simu mpya za bei rahisi wanafurahia boksi tu.

Mimi natengeneza simu hapa Morogoro, mwaka wa 13 sasa, na watu wa maneno yote mawili nawapokea kila siku. Naona ubishi wao wote uko kwenye siku ya kununua. Mimi nakutana na simu siku imeharibika, na hapo ndipo ninapoijua thamani yake.

Jumatatu iliyopita alifika kijana wa bodaboda. Simu yake ya mtumba, ya kampuni kubwa ambayo jina lake naliacha, aliinunua laki saba na nusu miezi minne nyuma. Ilikuwa inazima saa saba mchana, na kioo kimeingia ufa pembeni bila kuanguka. Nilipoilaza mezani haikutulia, ikawa inayumba kama sahani yenye kitako kibovu. Nikajua betri imevimba. Nikapasha kifuniko cha nyuma kwa bloa, moto mdogo kabisa kwa sababu betri ya namna hiyo ukiikosea inawaka, kisha nikaanza kupitisha kadi ya plastiki ukingoni, kidogo kidogo. Gundi ilikuwa inavutika kama mlenda. Dakika ishirini na tano zimepita ndipo kifuniko kikaachia, na kweli, betri ilikuwa imetuna mpaka inakisukuma kioo kutoka ndani.

Nikampigia muuza spea wa Kariakoo. Kioo halisi, laki tatu na nusu. Kopi, laki moja na ishirini, ila kopi hunywa chaji na juani huoni kitu, na kijana huyu anasoma ramani juani siku nzima. Akanyamaza. Hiyo simu ndiyo inayomletea abiria; ikilala kwangu siku tatu, siku tatu hana kazi.

Wakati anafikiria, akaingia mama mmoja anayeuza maharage sokoni, ameshika kitochi chake kilichofungwa mpira wa manati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haiwaki hii."

Nikafungua mgongo kwa ukucha, nikatoa betri, BL-5C, imechoka. Nikamwekea nyingine ya elfu sita, simu ikawaka. Hazikufika dakika mbili. Betri ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi ambayo wenzetu wa Kenya waliibatiza mulika mwizi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mpaka leo betri hiyo utaikuta dukani, maana hata viredio vidogo vinaitumia.

Simshauri mtu arudi kwenye kitochi. Kijana wa bodaboda hawezi kufanyia kazi yake kwenye kitochi, na mwanangu anasomea kwenye simu janja. Ninachosema ni kwamba betri ya simu kuchoka si ajali. Betri za lithiamu huanza kupungua nguvu zikishachajiwa mara mia kadhaa, na joto linaziua upesi zaidi, na simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki kutwa nzima inapikwa. Kampuni inalijua hilo tangu kiwandani. Sasa kitu kinachojulikana kitakufa kabla ya vingine, kwa nini kizikwe chini ya gundi?

Wateja huniambia gundi ni ya kuzuia maji. Ni kweli inasaidia, lakini haikuwa lazima. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ulikuwa unafungua mgongo wake kwa ukucha, unabadilisha betri mwenyewe, na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, maana yake inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Mwaka uliofuata ikaja S6, imegandishwa, betri haitoki, na kinga ile ya maji nayo haipo. Simu zote mbili nimeshazifungua, na mpaka leo nikiikumbuka ile ya kwanza naumia.

Tena mteja asipoambiwa kwamba shida ni betri, anaitupa simu nzima. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Watu walikuwa wameshanunua mpya wakidhani za zamani zimekwisha. Kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na Februari 2020 Ufaransa ikaipiga faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja. Betri ya dola 29 ilitosha kuirudishia kasi simu ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa.

Simu za bei nafuu nazo nizisemee haki yake. Spea zake zimejaa mtaani, kioo unakipata kwa elfu thelathini, na fundi yeyote anazijua. Zinakofia ni kwenye nafasi na programu. Mteja ananiletea simu ya miaka miwili, kioo kizima, betri nzima, lakini imejaa, na programu ya benki inakataa kufunguka kwa sababu mfumo wake hausasishwi tena. Hapo bisibisi yangu haina kazi. Dada aliyeandika wiki iliyopita, hili hakuligusa.

Na mtumba una hatari yake. Nakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilipozima simu feki nchi nzima. Asubuhi yake meza yangu ilijaa simu zilizokuwa nzima kabisa, hakuna hata moja niliyoweza kuifufua, na wengine walikuwa bado wanadaiwa pesa ya kuzinunulia. Toka siku hiyo, mtu akija na simu ya mtumba namwambia abonyeze *#06# mbele ya muuzaji, itokee IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ailinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi au mgongoni mwa simu, kabla hajatoa hata shilingi.

Kwa hiyo jibu langu: kabla hujalipa, iwe mpya au mtumba, pita kwa fundi wa mtaani kwako, mtajie jina kamili la simu, muulize kioo chake bei gani, betri bei gani, na inachukua siku ngapi kufika. Kioo kikizidi theluthi ya bei ya simu, mimi nakushauri uiache, hata kama kamera yake inakupendeza. Halafu uulize itasasishwa mpaka lini. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, simu mpya inayoingizwa sokoni lazima betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 800, spea zake zipatikane miaka saba baada ya kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo yaendelee miaka mitano. Baadhi ya simu hizo zitatufikia kama mtumba. Nazisubiri kwa hamu, na ningependa sheria ya namna hiyo iandikwe na hapa kwetu.

Yule kijana tulikubaliana tuanze na betri, elfu arobaini na tano, kioo kisubiri mwisho wa mwezi. Nikaubandika ule ufa protekta juu yake ili usimchane kidole, nikabana kifuniko kwa gundi mpya, nikaizungushia mipira ikauke. Akakaa kwenye benchi kusubiri. Alipoiwasha, abiria wa kwanza aliita kabla hajainuka.