Mnaotaka niwaunganishe na Manang, nisikilizeni kwanza

Wadogo zangu, ujumbe wenu ni mmoja: "Braza, tuvute Nepal tuje tukipige Manang." Nawajibu wote kwa pamoja.

Manang Marshyangdi ni timu ya soka, na ni kubwa kwelikweli. Ilianzishwa 1982 hapa Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, ikachukua jina la wilaya ya Manang, kule milimani nyuma ya Annapurna, na la mto unaopita huko. Watu wa Manang ni wafanyabiashara wa tangu zamani, na waliohamia mjini waliishika timu hii kama yao. Miaka ya 1980 haijaisha, wameshabeba ubingwa. Mwaka 2019 walicheza Kombe la AFC, mashindano ya klabu za Asia, kundi moja na Chennaiyin na Minerva Punjab za India na Abahani ya Dhaka, Bangladesh. Kijana akivaa jezi ile ana haki ya kutembea kifua mbele.

Sasa tazameni miaka. Walichukua ligi ya Daraja A, ndiyo ligi ya juu ya Nepal, msimu wa 2013/14. Uliofuata ukaja kuchezwa 2018/19, wakachukua tena. Hapo katikati ligi hiyo ilisimama! Tetemeko la 2015 liliuharibu uwanja wa Dasharath wa hapa Kathmandu, na mwaka huohuo FIFA ikamfungia miaka 10 aliyekuwa rais wa chama cha soka cha Nepal. Mchezaji mzawa wa timu ya jeshi au polisi ana ajira yake, mshahara unaingia hata mpira usipochezwa. Wewe mgeni una mkataba wa miezi michache, viza inayohesabu siku na kodi ya chumba.

Klabu niliyofikia mwanzo, siyo Manang, ilitulaza wanne chumba kimoja. Wali na dengu mchana, wali na dengu usiku. Hilo halina shida, chakula kizuri. Lakini asubuhi za Januari unafunga kamba za viatu vidole havina hisia, na kwa sisi wa pwani mbio za wiki ya kwanza ni mateso, maana mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Mshahara wa mwisho sikuuona mpaka leo.

Anayetaka kuja bado, asinitumie vipande vya magoli. Nataka mechi nzima, dakika zote 90. Na ajenti akikudai hela wakati ligi haijatangaziwa tarehe, usimpe. Nitumie mkataba wake niusome na watu wa huku, mama asije akauza kiwanja bure.