Wasomaji Wanauliza: Nimemaliza Kitabu cha Kwanza cha Kithai, Sasa Nisome Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa ngege katika vizimba hapa Jinja. Kwa mwaka mmoja na nusu nimejifunza Kithai peke yangu, kwa kuwa nataka kusoma mwenyewe jinsi wafugaji wa Thailand wanavyolisha samaki wao, bila kungoja mtu anitafsirie. Kitabu cha wanaoanza nimekimaliza na konsonanti zote 44 ninazijua. Lakini nikifungua gazeti siambulii kitu, na vitabu vya watoto vyenye picha ya kuku na yai vimenichosha. Katikati ya hivyo viwili kuna nini cha kusoma? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ndugu msomaji, gazeti linakushinda kwanza kwa sababu ya jambo ambalo kitabu cha kwanza hulificha kwa kumhurumia mwanafunzi: Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno, bali huiacha pale tu kifungu au sentensi inapokwisha. Chukua herufi hizi tano: ตากลม. Ukikata baada ya herufi ya pili utasoma ta klom, yaani macho ya mviringo. Ukikata baada ya herufi ya tatu utasoma tak lom, yaani kupunga upepo. Mthai hababaiki hapo, kwa kuwa anajua habari inaelekea wapi na macho yake hukata maneno yenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu aliyefika ulipofika ni kusoma habari ambayo tayari anaijua kwa lugha nyingine, na wewe una bahati ya pekee katika hilo.

Samaki unayemfuga huitwa kwa Kithai pla nin, yaani samaki wa Nile, mto unaoanzia hapo mlangoni kwako. Alifika Thailand mwaka 1965, wakati Akihito, aliyekuwa mwana mfalme wa Japani, alipompelekea Mfalme Bhumibol samaki 50, wakalelewa katika bwawa la kasri la Chitralada kabla ya kusambazwa kwa wakulima. Jina lake huandikwa ปลานิล, na herufi ya mwisho ni ile inayosomwa «l» ikiwa mwanzoni mwa neno, lakini mwishoni hutoa sauti ya «n». Ndivyo ilivyo pia kwa อาหาร, chakula, ambalo huishia kwa herufi ya «r» na bado husomwa ahan. Neno hilo lina asili ya Kipali na Kisanskriti, lugha za kale za India, na maneno ya namna hiyo hubaki na tahajia yake ya kale hata pale ulimi ulipokwisha kuiacha. (Sisi tuliyachukua maneno ya Kiarabu tukayaandika tunavyoyatamka, Wathai hawakujirahisishia hivyo.)

Andika basi katika mtandao การเลี้ยงปลานิลในกระชัง, yaani ufugaji wa pla nin katika vizimba, na utafute vijitabu vya Idara ya Uvuvi ya Thailand, ambayo kwa Kithai ni Krom Pramong. Vimeandikiwa wakulima, kwa hiyo sentensi zake ni fupi na maneno yaleyale hurudi kila ukurasa: bo ni bwawa, krachang ni kizimba, luk pla ni vifaranga, na kwa neno kwa neno ni «watoto wa samaki». Chapisha nusu ukurasa tu, ushike penseli, uchore mstari mdogo kila unapodhani neno limekwisha, kisha ndipo ufungue kamusi ya mtandaoni kama Longdo kuhakiki. Usishangae ukikuta kijitabu kimeandikwa mwaka ๒๕๖๐. Hizo ni tarakimu za Kithai, ambazo ofisi za serikali huzipenda, na mwaka wenyewe ni 2560 wa kalenda ya Kibuddha. Ondoa 543 upate 2017.

Chakula cha kila siku kwa msomaji wa ngazi yako, ambacho naona wengi hukipuuza, ni utabiri wa hali ya hewa. Hutolewa kila siku kwa kauli zilezile, kwa mfano kwamba kutakuwa na ฝนฟ้าคะนอง, mvua ya radi, katika asilimia 40 ya eneo, na kinachobadilika ni majina ya mikoa na tarakimu. Baada ya wiki mbili utajikuta unausoma bila penseli.

Kwa hadithi, tafuta vitabu vya zamani vya shule za msingi vya Manee na Mana, vilivyotumika Thailand kuanzia 1978 hadi 1994. Ruka vya darasa la kwanza, uanzie vya darasa la tatu, ambapo sentensi zimerefuka na visa vina uzito. Mmoja wa watoto hao, Piti, ana farasi aitwaye Kae, maana yake mzee, na farasi huyo hufa. Watu wazima wengi wa Thailand bado wanakikumbuka kisa hicho. Hadithi za Esopo pia zimejaa kwa Kithai, nawe unazijua tangu utotoni.

Gazeti liache kwa sasa. Vichwa vyake vya habari hukatwa maneno na huwaita wanasiasa kwa majina ya utani, mambo ambayo kamusi haitakusaidia.

SWALI: Ninanunua vitambaa katika soko la Pratunam, Bangkok, na kuviuza Kampala. Kithai nakisoma kwa herufi za Kirumi tu. Je, naweza kuendelea hivyo hadi ngazi ya kati? (Mfanyabiashara, Kampala)

JIBU: Dada au kaka, hapana, na sababu iko katika biashara yako mwenyewe. Kwa herufi za Kirumi utaandikiwa pha mai, na hutajua kama muuzaji anakupa ผ้าไหม, kitambaa cha hariri, au ผ้าใหม่, kitambaa kipya tu. Tofauti iko katika toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na herufi za Kithai huionyesha palepale, ilhali maandishi ya Kirumi ya kawaida huiacha. Ikiwa umekulia katika Kiganda au Kiacholi, sikio lako limezoea toni tangu utotoni, na Kithai kina tano. Kazi iliyobaki ni ya macho. Anza na lebo za mizigo unayoirudisha nyumbani, na wiki hii utafute ile yenye ไหม.