Kisu cha Kukunja cha Laki Tisa: Je, Kinastahili Bei Yake?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, na pembeni ninabebesha miche ya miembe, yaani naunganisha kijiti cha mwembe bora na shina la mwingine, ambayo nawauzia majirani. Kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni. Nakatia kamba za mkonge, mipira ya umwagiliaji na viroba vya mbolea, na hicho hicho ndicho ninachobebeshea. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua vile vya shilingi elfu tano pale soko la Majengo, na kila kimoja hunitumikia msimu mmoja au miwili kabla hakijaanza kulegea. Sasa mpwa wangu anayeongoza watalii Arusha amenijia na kisu aina ya Sebenza ambacho mgeni mmoja anakiuza laki tisa, na anasema kipya hakipatikani kwa fedha hiyo. Nimekishika. Kinafunguka kama kimepakwa samli. Mke wangu anasema laki tisa ni mbuzi wanane, nami sina la kumjibu. Je, kisu cha namna hii kinastahili bei yake, au tunalipia jina?
Mkulima wa zabibu, Hombolo

JIBU: Ndugu yangu wa Hombolo, umefanya vema kukishika kwanza ndipo ukauliza, maana swali lako lina maswali mawili ndani yake, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kama kisu hicho kimetengenezwa vizuri kiasi cha kustahili fedha hiyo. La pili ni kama kitakufanyia kazi zako vizuri kuliko kisu cha bei ya chini. La kwanza nalijibu ndiyo bila kusita. La pili nalijibu hapana, na naomba univumilie nieleze kwa nini.

Aliyebuni kisu hicho ni Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989. Jina Sebenza ni la Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Mpini wake ni mapande mawili ya madini ya titani yaliyochongwa kwa vipimo vya usahihi mkubwa, na kifungio chake ni sehemu ya pande lenyewe, iliyokatwa ikaachwa iwe kama springi, ambayo huingia nyuma ya ubapa mara tu kisu kinapofunguka na kuuzuia usirudi. Mwenye kisu anaweza kukifungua skrubu nyumbani, akakisafisha, akakirudisha kikawa kama kilivyotoka kiwandani. Hiyo samli uliyoihisi ndiyo ustadi wenyewe, na ndiko sehemu kubwa ya fedha inakokwenda. Anayesema watu hulipia jina tu hajawahi kukifungua na kukifunga kisu cha namna hiyo.

Lakini kisu hakikati kwa mpini. Kinakata kwa makali, na kwa wembamba wa ubapa pale nyuma ya makali. Chukua kazi yako ya kubebesha. Unakata kikonyo, yaani kile kijiti cha mwembe bora, kwa mkato mmoja mrefu wa mshazari, kisha unakata mche wa shina unaokipokea, na nyuso hizo mbili lazima zilale bapa kwa bapa, tabaka la kijani lililo chini ya gome ligusane na tabaka la kijani la mwenzake. Ubapa mnene, hata uwe mkali namna gani, huingia kwenye kijiti kama kabari: unakipasua mbele ya makali na kuacha uso wenye mawimbi, na katikati ya mawimbi hayo hubaki nafasi ambamo hewa hukaa na kikonyo hukauka. Ndiyo sababu visu vya kubebeshea hunolewa upande mmoja tu, upande wa pili ukaachwa bapa kabisa. Visu vingi vya kukunja vya bei kubwa vina ubapa mnene, kwa kuwa hutengenezwa vihimili kila aina ya matumizi. Katika kazi hiyo ya miembe, kisu cha kubebeshea kilichonyooka makali yake kitakushindia hicho cha laki tisa, na sisemi hivyo kukufariji.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo wauzaji hutumia maneno mengi. Visu vya daraja hilo huundwa kwa feleji ngumu sana. Mojawapo inayojulikana ni S30V, iliyotoka mwaka 2001, na Chris Reeve mwenyewe alishiriki katika kuifikiria. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell hufika kati ya 58 na 61, wakati visu vya mfukoni vya Victorinox vya Uswisi viko karibu na 56. Feleji hiyo ya S30V imechanganywa na madini ya vanadi, ambayo hutengeneza ndani ya chuma chembechembe ngumu mno, na kwa sababu hiyo makali hudumu muda mrefu bila kufifia. Hilo ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba chembechembe hizo ni ngumu kuliko mawe tunayookota. Miamba na mawe yetu ya huku Dodoma hunoa chuma kwa kwazi, yale madini magumu yaliyomo ndani ya mawe na mchanga, na kwazi haiziwezi chembechembe hizo. Utasugua jioni nzima uone ubapa unang'aa huku makali yamebaki yalivyokuwa. Kwa feleji ya namna hiyo unahitaji kinoo cha almasi.

Fikiria basi uko katikati ya mistari ya mizabibu mwezi wa Agosti, kisu hakipati tena, na umeshakata mipira na viroba vyenye mchanga tangu asubuhi. Mchanga na vumbi letu hula makali ya kisu chochote, cha elfu tano na cha laki tisa. Chenye chuma cha wastani utakirudishia makali kwa dakika tano chini ya mwembe. Kile kingine utakirudisha nyumbani. Kwa mkulima wa Hombolo mimi ninapima kisu kwa urahisi wa kukirudishia makali kuliko kwa siku ambazo makali yanakaa, na najua kuna wanaonipinga katika hili, hasa wanaokata karatasi na maboksi ofisini.

Mahali pamoja ambapo nakusihi usibane fedha ni kifungio. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoboa mpira wa umwagiliaji kwa ncha ya kisu cha bei ya chini ambacho kifungio chake kilikuwa kibati chembamba kama kifuniko cha kopo. Nilipokandamiza, kibati kiliteleza na ubapa ukajikunja juu ya kidole changu cha shahada. Kovu lake ninalo mpaka leo kwenye kiungo cha pili. Hivyo visu unavyosema vinalegea kila baada ya msimu vinanitia hofu kwa ajili ya vidole vyako kuliko kwa ajili ya mfuko wako. Kabla ya kununua kisu chochote, kifungue kabisa, shika mpini kwa ubavuni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya ubapa, kisha gonga mgongo wake taratibu kwenye kipande cha mbao mara tatu au nne. Kikijikunja, mrudishie muuzaji papo hapo. Halafu shika ubapa kwa kitambaa uutikise kulia na kushoto: ukicheza kikiwa kipya, baada ya mwaka utakuwa unaning'inia.

Kifungio salama hakihitaji laki tisa. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, tangu 1955 ina pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini, nayo huufunga ubapa usijikunje. Namba 8 yao ina ubapa mwembamba wa sentimita 8.5, na bei yake huko nje si kubwa. Wewe chukua ile ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa maji ya zabibu yana asidi na yatakitia madoa kile cha chuma cha kawaida kabla hujafika mwisho wa mstari. Kasoro yake ni mpini wa mbao: ukilowa huvimba, na ubapa hugoma kufunguka mpaka ukauke. Okapi pia wengi wenu mnakijua. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nasi tulikuwa miongoni mwao, na siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Chuma chake hushika kutu lakini kinanoleka kwa jiwe lolote.

Ushauri wangu ni huu. Nunua kisu kimoja cha kukunja cha daraja la Opinel au Okapi, kisu kimoja cha kubebeshea ambacho hakitagusa kamba wala kiroba, na kinoo kizuri cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Hata ukiongeza usafirishaji na ushuru, sidhani kama utafika robo ya laki tisa. Cha kukunja ukinoe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, upande mmoja kwanza, mpaka uhisi kwa ukucha kwamba makali yamejikunja kidogo kuelekea upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa kukipitisha kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Na kama siku moja utakuwa na laki tisa ambayo haidaiwi na mbolea, ada wala mbuzi, na bado unakitamani kile, kinunue kwa moyo mweupe. Kupenda kitu kilichotengenezwa kwa ustadi si ufujaji, na mtoto wako anaweza kukirithi. Ila usimwambie mama watoto kwamba umenunua zana ya shamba.

SWALI: Mimi nina biashara ya nyama choma kwenye mnada wa Msalato kila Jumamosi. Vijana wangu wanataka niwanunulie visu vizuri vya kukunja ili wabebe mfukoni. Je, vya bei kubwa vinafaa kwa nyama?
Mama wa nyama choma, Msalato

JIBU: Mama, havifai, na hapa bei haibadilishi kitu. Kisu cha kukunja kina uwazi ndani ya mpini na kiungo ambamo damu na mafuta huingia, na maji ya kuoshea hayafiki vizuri. Ukikifunga kikiwa hivyo na kukiweka mfukoni kwenye joto la mchana, unajua kinachofuata. Watafutie visu visivyokunjwa, vyenye mpini wa plastiki usio na nyufa, au visu vya mhunzi vilivyofuliwa kwa springi za gari, ambavyo vina chuma kizuri na vinanoleka kirahisi, mradi mpini uwe umeshikana na chuma bila nafasi katikati. Kisu kisicho na kiungo hakiwezi kumjikunjia kijana mwenye mikono yenye mafuta. Vya nyama mbichi vizungushie utepe mwekundu kwenye mpini, vya nyama iliyoiva uviache bila utepe, na kila vinapotoka kwenye kazi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha vitundikwe vikauke.