Hela ya amana ya nyumba si akiba

Shangazi, nanyi wengine mliomsikiliza yule jamaa aliyekuja likizo, habari zimenifikia. Amewaambia kwamba Uingereza serikali inamlindia mpangaji amana yake, ile hela anayoweka kwa mwenye nyumba anapoingia, akihama anarudishiwa yote. Sasa kwa kuwa nimehama, mnauliza hela ya mabati inakuja lini.

Hakudanganya moja kwa moja. England na Wales, tangu 2007, mwenye nyumba anatakiwa kuisajili amana kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, ndani ya siku 30 tangu aipokee. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe fidia, kuanzia kiasi cha amana yenyewe hadi mara tatu yake. Na kwa sheria ya 2019, huku England amana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano, ilimradi kodi ya mwaka haifiki £50,000. Nyumba za kuzidi hapo si zetu.

Alichowaficha ni kwamba nyumba ya £900 kwa mwezi inataka amana ya karibu £1,038, na kodi ya mwezi wa kwanza juu yake. Ukihama, ya nyumba mpya inadaiwa wakati ya zamani bado haijarudi, kwa hiyo unakopa. Ikirudi inakwenda kwa aliyekukopesha. Ya mabati nitatuma kwa mafungu, kutoka kwenye mshahara. Amana muisahau.

Tena yangu haijarudi. Siku ya kutoka anakuja karani wa wakala na ile orodha ya hali ya nyumba iliyoandikwa ulipoingia, chumba kwa chumba, na picha zake. Anainama kukagua zulia, anachungulia ndani ya oveni, anapitisha kidole juu ya mlango. Unasimama pembeni mtu mzima umeshika kitambaa kama mtoto anayekaguliwa kucha. Wakati wa baridi nguo unazianika ndani, maana nje hazikauki. Kupasha nyumba joto ni ghali, unabana. Madirisha umefunga, mvuke unagandia ukutani, ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Nilimwandikia mwenye nyumba kuhusu ukuta ule, akanijibu nifungue dirisha. Januari! Sasa anataka nimlipie rangi. Nimepinga, na hela tunayogombania imezuiliwa mpaka uamuzi utoke.

Mdogo wangu unayekuja Septemba, soma hapa vizuri. Usisaini orodha kabla hujaizunguka nyumba yote. Wameandika zulia ni safi na wewe unaona doa? Piga picha, uwatumie kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Amana ni mali yako mpaka mwenye nyumba athibitishe kwamba uharibifu ni wako. Kazi ya kuthibitisha ni yake. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Zulia lililokanyagwa miaka hulipii bei ya jipya. Kukulazimisha ulipie kampuni ya usafi hawezi, ilimradi unaiacha nyumba safi kama ulivyoikuta. Akikata ovyo, pinga, msuluhishi wa mpango ule unaolinda amana hakutozi kitu.

Lakini usipinge kila shilingi. Nyumba inayofuata itataka maneno mazuri kutoka kwa huyo huyo uliyegombana naye. Ya balbu na ya funguo waachie. Najua nimetoka kukwambia upinge.

Na usikimbilie chumba kwa mtu wa kwetu kwa sababu tu ni wa kwetu. Ukiishi naye humo humo na yeye ndiye mwenye nyumba, ule ulinzi haukuhusu. Amana inakaa mfukoni mwake, na akiamua kukuzungusha, kumfuata mahakamani ni shauri lako. Ila nikuambie ukweli, hapo hapo ndipo utakapoanzia. Mawakala watataka hati za mshahara ambazo huna, na mdhamini mwenye kipato huku, na kisheria England ni lazima makaratasi yako ya ruhusa ya kuishi yakaguliwe kabla hujapangishwa. Basi kichukue hicho chumba. Dai risiti, akununie akitaka. Na wakikuomba mdhamini, usiandike jina langu kabla hatujaongea. Kipato changu chenyewe nina wasiwasi kama kitawatosha.