Kwa wanaoanza kusoma kromosomu: msikwame kwenye idadi

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya seli mwaka huu, nawaandikia nikiwa likizo nyumbani Lamu, barazani, na punda wa jirani kajisimamia katikati ya njia, hapishi mtu.

Punda huyo ana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, 62. Farasi ana 64. Wakizaliana, mtoto wao baghala hupata 63, na karibu kila mara huwa tasa. (Nasema baghala kwa sababu ukitaja nyumbu, wenzenu wa bara watawaza wale wa Maasai Mara.) Nilipoanza masomo nilijiona nimeelewa: idadi ni witiri, haigawanyiki sawa, basi hakuna kizazi. Nikajibu hivyo kwenye mtihani. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na farasi wa Przewalski je?" Farasi-mwitu huyo wa Mongolia ana 66. Akizaa na farasi wa kufugwa, mtoto huwa na 65, witiri vilevile, na huyo anazaa bila taabu. Kikwazo kikubwa cha baghala ni mpangilio. Kromosomu za punda na za farasi zimevunjika na kuungana upya mahali pengi, hivyo wakati wa kutengeneza mbegu au yai, zinapotakiwa kujipanga jozi jozi, hazipatani.

Ndiyo maana nawashauri muanze na mbuzi na kondoo. Mbuzi ana 60, na zote zisizo za jinsia zina sentromia (ile sehemu iliyobanwa kama fundo) nchani kabisa. Kondoo ana 54. Sita zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Chukua kamba mbili, kila moja na fundo nchani, uziunge fundo kwa fundo: vipande vimepungua, kamba ni ileile. Kondoo ana jozi tatu kubwa za namna hiyo, zenye sentromia katikati na mikono miwili. Hesabu mikono badala ya vipande, utarudi kwenye 60 ya mbuzi. Muungano huu huitwa wa Robertson, kwa jina la Mmarekani aliyeueleza mwaka 1916 akichunguza panzi.

Sisi binadamu tuna wetu pia, ila wa aina nyingine. Sokwe mtu ana 48, sisi 46, kwa kuwa kromosomu yetu ya 2 ni mbili za kale zilizoungana ncha kwa ncha. Mabaki ya telomea, yaani vile vifuniko vya ncha za kromosomu, yangali katikati yake, na sentromia ya pili, iliyokwisha kuzimika, imeacha alama.

Sasa kazi ya mikono. Slaidi yangu ya kwanza ya mbuzi ilikuwa na 57. Nami nilijua jibu ni 60, kwa hiyo nikahesabu tena na tena mpaka zikafika 60. Mwalimu akaniambia nizichore. Kwenye karatasi ikaonekana moja iliyojikunja nimeihesabu mara mbili, na mbili nyingine ni takataka za rangi. Seli yenyewe ilikuwa imepasuka, maana niliiacha mno kwenye maji ya chumvi hafifu, ikavimba kupita kiasi na kromosomu tatu zikatawanyika. Sikuwa wa kwanza kuona nilichoambiwa nitakiona. Mtafiti Painter alitangaza 48 kwa binadamu mwaka 1923, na wataalamu wakaendelea kuziona 48 hadi Tjio na Levan walipochapisha 46 mwaka 1956. Kwa hiyo choreni kwa penseli kabla ya kuandika namba yoyote, na msiridhike na seli moja. Mimi siku hizi huchora 20.

Kuku muacheni kwanza. Ana 78, na nyingi ni vinukta vidogo ajabu. Siku niliyomtazama kwa mara ya kwanza nilifuta lenzi mara mbili, nikabadilisha rangi, nikamlaumu mwenzangu kwa kutoosha vioo, na vile vinukta vikabaki palepale.